Namna ya Kuandika Maoni ya Msomaji Kuhusu Riwaya za Kijasusi za Wakati wa Vita: Mfano wa Willy Gamba

Msomaji wa Kiswahili akiulizwa habari za riwaya za Aristablus Elvis Musiba, aghalabu hujibu kwa furaha kuliko kwa maelezo. Atasema kwamba ni vitabu vitamu, kwamba Willy Gamba alikuwa mwanamume wa shoka, na kwamba siku hizi hakuna anayeandika namna ile. Furaha hiyo ni haki yake, lakini haimsaidii mtu ambaye hajavisoma vitabu hivyo na anataka kujua aanze na kipi, atarajie nini na ajihadhari na nini. Mwongozo huu ni kwa ajili ya msomaji anayetaka kuandika maoni yatakayomfaa mwenzake, nao unatumia mfululizo wa Willy Gamba kuwa mfano, kwa sababu ni miongoni mwa mifululizo ya kijasusi inayojulikana zaidi katika lugha yetu na kwa sababu vita vilivyomo ndani yake vilitugusa sisi wenyewe.

Mfululizo huo una riwaya tano: Kufa na Kupona (1974), Kikosi cha Kisasi (1979), Njama (1981), Hofu (1988) na Uchu (2000). Mhusika mkuu ni jasusi wa Tanzania, na uti wa mgongo wa mfululizo, hasa katika vitabu vyake vya awali, ni vita vya ukombozi wa kusini mwa Afrika. Kwa Tanzania vita hivyo havikuwa vya mbali. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963, wapiganaji walipewa kambi Kongwa na Nachingwea, na viongozi wa vyama vya ukombozi walipanga nyumba katika mitaa ileile waliyoishi wananchi wa kawaida. Mahali pa namna hiyo hapakosi wapelelezi wa adui. Mwandishi hakuhitaji kwenda mbali kutafuta kisa.

Kabla ya jambo lolote lingine, liweke mbele yako swali moja na uende nalo kutoka kitabu cha kwanza hadi cha mwisho: siri iliyo hatarini ni ipi, na ikitoka ni nani atakayeumia? Riwaya ya kijasusi inayoweza kulijibu swali hili huwa na uzito hata pale mapigano yake yanapopita kiasi. Isiyoweza kulijibu hubaki kuwa mbio za magari na milio ya bastola, na maoni yako hayana budi kusema hivyo. Katika Kufa na Kupona, kwa mfano, nyaraka za siri za harakati za ukombozi zinaibwa Dar es Salaam, na Willy Gamba anatumwa Nairobi kuzifuata. Swali letu linapata jibu mara moja: watakaoumia ni watu walioko makambini na mstari wa mbele, watu ambao msomaji huenda asiwaone hata mara moja kitabuni, lakini maisha yao yanategemea karatasi zile.

Anza na mwaka wa kuchapishwa

Fungua ukurasa wa haki za uchapishaji kabla hujafungua sura ya kwanza, kwa sababu msomaji wa leo anajua vita vile viliishaje, ilhali aliyekinunua kitabu kilipotoka hakujua. Mwaka 1974 ulipoanza, Wareno walikuwa bado wanatawala Msumbiji na Angola. Mapinduzi ya kijeshi yaliyotokea Ureno tarehe 25 Aprili mwaka huohuo ndiyo yaliyofungua njia, Msumbiji ikapata uhuru tarehe 25 Juni 1975 na Angola tarehe 11 Novemba 1975. Kikosi cha Kisasi kilipotoka mwaka 1979, Zimbabwe ilikuwa bado iko vitani, nayo ikapata uhuru wake tarehe 18 Aprili 1980. Hofu ilipotoka, Nelson Mandela alikuwa bado kifungoni, na alitoka tarehe 11 Februari 1990. Uchu nayo ilitoka wakati utawala wa kibaguzi wa Afrika Kusini ulikuwa umekwisha kuondoka.

Tarehe hizi si za kupamba maandishi. Zinakusaidia kupima ni kiasi gani mwandishi aliandika katikati ya moto, na ni kiasi gani aliandika akiwa tayari anayajua majivu. Ukilalamika kwamba katika vitabu vya awali adui hana upande wa pili wala mwandishi hamhurumii, ni lazima uongeze kwamba viliandikwa wakati adui huyo alikuwa bado anaua. Lalamiko linaweza kubaki palepale, lakini litakuwa lalamiko la mtu anayejua anazungumzia nini. Kwa Uchu kazi yako ni nyingine: jiulize jasusi aliyezaliwa kwa ajili ya vita fulani anafanya nini vita hivyo vinapokwisha, na kama mwandishi amempatia adui mpya mwenye uzito kama wa yule wa zamani.

Kama unayo nafasi, visome kwa kufuata mpangilio wa kutoka kwake. Kila kitabu kinajitosheleza kwa kisa chake, kwa hiyo aliyeokota Njama peke yake kwenye meza ya vitabu vya mitumba hatapotea; lakini anayetaka kutoa hukumu juu ya mfululizo mzima baada ya kusoma kitabu kimoja anastahili kusema wazi kwamba amesoma kimoja.

Nani anajua nini

Hapa ndipo wasomaji wengi wanapopita haraka, na hapa ndipo ningependa tukae kidogo. Ujasusi ni biashara ya habari: kuna anayejua, kuna anayedhani anajua, na kuna anayedanganywa. Chukua karatasi moja kwa kila kitabu, uigawe katika safu tatu kwa mpangilio huo, na kila sura inapoisha andika majina ya wahusika katika safu zao, ukiyahamisha pale hali inapobadilika. Kazi hii haichukui muda mrefu, na itakuonyesha msuko wa kitabu kuliko kumbukumbu yoyote.

Tuchukue tukio ambalo hurudiarudia katika riwaya za aina hii. Mpelelezi anashuka uwanja wa ndege wa mji mgeni, anapokelewa na mtu asiyemfahamu, anapelekwa hotelini, na usiku uleule chumba chake kinavamiwa. Msomaji wa kawaida atazikumbuka ngumi. Mwenye karatasi atauliza: ni nani aliyejua kwamba mtu huyu anafika leo? Mkubwa wake aliyemtuma alijua, aliyemkatia tiketi alijua, na aliyempokea alijua. Ikiwa mwishoni msaliti anatokea kuwa mmoja wa hao, mwandishi amecheza kwa haki, na unaweza kurudi nyuma ukaona alama alizoziacha njiani: simu iliyokatwa ghafla, mtu aliyechelewa bila sababu, swali lililoulizwa mapema mno. Ikiwa msaliti anatokea kuwa mtu ambaye hakuwa na njia yoyote ya kuipata habari ile, basi msuko una tundu, na tundu hilo linafaa kuandikiwa kuliko urefu wa sura au wingi wa maiti.

Karatasi hiyohiyo itakufunulia pia mambo yanayotokea kwa bahati tu. Mara moja inakubalika. Hata maisha yana bahati zake. Lakini mpelelezi anapokaa mezani baa na kwa bahati tu akasikia mpango wa adui, kisha sura mbili mbele kwa bahati tu akaokota namba ya gari, ujue mwandishi amechoka kufikiri, nawe una wajibu wa kusema.

Pima chumvi kwa historia

Maoni mengi husema "mwandishi ametia chumvi" bila kuonyesha ni wapi. Katika riwaya za vita vya ukombozi jambo hili linahitaji uangalifu, kwa sababu yale yanayoonekana ya kubuni mara nyingi yalitokea, na yale yanayoonekana ya kawaida ndiyo yaliyobuniwa.

Bomu lililofichwa ndani ya kitabu linaonekana kama ndoto ya mtunzi, lakini Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, aliuawa hivyo Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969. Amílcar Cabral, kiongozi wa ukombozi wa Guinea-Bissau, aliuawa Conakry, mji mkuu wa Guinea, tarehe 20 Januari 1973 na watu wa chama chake mwenyewe. Herbert Chitepo, kiongozi wa harakati za ukombozi wa Zimbabwe, aliuawa kwa bomu lililotegwa kwenye gari lake mjini Lusaka tarehe 18 Machi 1975, na Ruth First, mpinga ubaguzi wa Afrika Kusini, aliuawa kwa bomu la barua Maputo tarehe 17 Agosti 1982. Kwa hiyo, msomaji anayesema kwamba msaliti wa ndani au kifurushi cha kuua ni mambo ya sinema atakuwa ameikosea historia kabla hajamkosea mwandishi.

Kinyume chake, tazama jinsi ujasusi wenyewe ulivyofanyika. Craig Williamson, ofisa wa polisi ya usalama ya Afrika Kusini, alijipenyeza kwanza katika harakati za wanafunzi waliopinga ubaguzi, kisha akapanda cheo katika shirika la kimataifa lililokuwa Geneva na lililokuwa likipitisha fedha za misaada kwa wapinzani wa ubaguzi, hadi alipofichuliwa mwaka 1980. Kwa miaka yote hiyo silaha yake ilikuwa kiti cha ofisini, mafaili na uso wa mtu mwema. Hakuruka ukuta. Ukiliweka jambo hili kando ya riwaya ambamo mtu mmoja anawaangusha maadui kumi kabla ya chakula cha usiku, utajua chumvi imekaa wapi: hatari ni ya kweli, usaliti ni wa kweli, ila kasi na misuli ni vya mtunzi. Kuliandika hilo si kumshushia mwandishi heshima. Riwaya ya aina hii haijawahi kuahidi kuwa ripoti.

Anayetaka kwenda mbele zaidi atafute majuzuu tisa ya Mradi wa Hashim Mbita, yaliyochapishwa mwaka 2014 chini ya SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika. Yamekusanya kumbukumbu za vita vya ukombozi, na yamepewa jina la mtu aliyekuwa Katibu Mtendaji wa Kamati ya Ukombozi hadi ilipovunjwa mwaka 1994. Ni kazi ya maktaba, si ya kusomea kwenye daladala.

Stelingi hafi

Vijiweni tunasema stelingi hafi, na mfululizo wa riwaya unaithibitisha kauli hiyo kwa namna ambayo kitabu kimoja hakiwezi: ukiwa umeshika kitabu cha nne, unajua fika kwamba Willy Gamba alitoka hai katika vitatu vya kwanza. Basi hofu inatoka wapi? Jibu la swali hili ndilo linalotenganisha kitabu kizuri na kilicho dhaifu ndani ya mfululizo mmoja. Inaweza kutoka kwa wale wanaomzunguka, ambao hawana kinga ya jina lililoandikwa kwenye jalada. Inaweza kutoka kwenye siri yenyewe, kwamba yeye atapona lakini nyaraka zitafika kwa adui. Kikosi cha Kisasi, kinachompeleka Kinshasa, kinafaa kutazamwa kwa jicho hili, kwa kuwa humo hayuko peke yake. Hesabu ni nani kati ya wenzake aliyekufanya ugeuze kurasa kwa wasiwasi, na uandike ni kwa nini, bila kusema nini kilimpata.

Angalia pia kama shujaa anabadilika kutoka kitabu hadi kitabu. Wako wanaopenda abaki vilevile, kama jirani unayejua atakusalimu vipi kila asubuhi, na wako wanaotaka awe na makovu. Sema wewe uko upande gani, ili msomaji wako ajue aipime vipi hukumu yako.

Kuhusu wanawake, usikwepe. Katika riwaya pendwa za miaka ile, mhusika wa kike mara nyingi huingia kwa maelezo ya sura na umbo lake, na kazi yake huwa chambo au zawadi. Uliza mambo mawili tu: je, ana habari ambayo wengine hawana, na je, anafanya uamuzi unaogeuza kisa? Yule anayejibiwa ndiyo mara mbili mtaje kwa jina katika maoni yako, na kama hukumpata hata mmoja, liseme hilo kwa sentensi moja kavu.

Lugha nayo itazamwe, ila kwa ufupi. Sentensi za Musiba ni nyepesi na zinakimbia, na sehemu kubwa ya mvuto wake iko hapo. Anayezoea mafumbo ya Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, ambamo kifo kimoja huchambuliwa taratibu katika mitaa ya Unguja, ataona tofauti mara moja, na ulinganisho huo humsaidia msomaji mgeni kuliko sifa kumi. Joram Kiango, mpelelezi wa riwaya za Ben Mtobwa, yuko karibu zaidi, kwa hiyo anafaa kwa kulinganisha mambo madogo.

Jambo moja la kiufundi limewaponza wengi. Vitabu hivi vimekuwa vikisambazwa kwenye simu katika vipande vilivyopigwa chapa upya na watu wasiojulikana, kila kipande kikiishia na neno "itaendelea". Mbali na suala la haki za mwandishi na warithi wake, ambalo si dogo, nakala hizo huwa na makosa ya tahajia, aya zilizorukwa na majina yaliyobadilika. Usimlaumu mwandishi kwa makosa ya mpiga chapa. Taja toleo ulilolisoma, na kama ulisoma kwa vipande, kumbuka kwamba kisa kilichokatwa kila siku huonekana kina mishtuko mingi kuliko kilivyo ndani ya jalada.

Kuandika maoni yenyewe

Andika baada ya kukirudia kitabu, au angalau kurudia sura zake za mwanzo na za mwisho. Maoni mengi kuhusu Willy Gamba yanatokana na kumbukumbu za utotoni, na kumbukumbu za namna hiyo husifu umri wa msomaji kuliko kazi ya mwandishi. Ukisoma maoni ya wengine, uchuje kwa kipimo hichohicho: anayetaja tukio, mahali na sababu amesoma karibuni, anayesema "enzi zile bwana" anaikumbuka sekondari yake.

Haya hapa ni maoni ya kawaida: "Kufa na Kupona ni bonge la kitabu, kina mapigano ya hatari, Willy Gamba ni moto, nawashauri wote mkisome." Hakuna uongo ndani yake, lakini maneno hayohayo yangeweza kuandikwa kuhusu kitabu chochote chenye bastola. Yalinganishe na haya:

"Riwaya hii ya 1974 inahusu wizi wa nyaraka za siri za harakati za ukombozi, wizi uliofanyika Dar es Salaam na unaompeleka Willy Gamba Nairobi. Inakwenda kasi, na mtu aliye na nafasi anaweza kuimaliza kwa siku moja. Kilichonishika ni kujua kwamba nyaraka zile zikifika kwa adui watakaokufa ni watu ambao hatuwaoni. Kilichonipunguzia raha ni jinsi wanawake wanavyopimwa kwanza kwa sura zao. Anayetaka ujasusi wa kuviziana taratibu hataridhika. Anayetaka mbio na hatari atakesha."

Aya hii imetaja mwaka, siri, mahali, kasi, jambo moja la kusifu na moja la kukosoa, na mwishoni imewagawa wasomaji bila kumtukana yeyote. Haikumtaja mwizi. Ukipenda kuweka nyota, ziweke baada ya aya kama hii, na useme unazigawa kwa kigezo gani, kwa sababu nyota tatu za mpenda msuko si nyota tatu za mpenda mapigano.

Kuficha mwisho ni kazi ngumu zaidi katika mfululizo kuliko katika kitabu kimoja. Ukiandika kuhusu Hofu na kutaja kwamba fulani, aliyekuwa pamoja na Willy Gamba katika kitabu cha awali, hayupo tena, umeshakiharibu kitabu hicho cha awali kwa mtu asiyekisoma. Kwa hiyo, taja tu mambo ya vitabu vilivyotangulia ambayo yanajulikana katika sura zake za mwanzo. Epuka pia sifa zinazofichua kwa mlango wa nyuma, kama vile "sikumtegemea kabisa yule daktari", maana msomaji mwerevu atamkodolea macho kila daktari kuanzia ukurasa wa kwanza.

Ukimaliza, msomee mtu ambaye hajakisoma kitabu, kisha umwulize anadhani msaliti ni nani. Akijibu kwa kubahatisha, maoni yako yako tayari. Akimtaja msaliti halisi, mwombe akuonyeshe ni sentensi ipi iliyomwambia, na uifute.